Chungu Nilichomfungia Mama

Ghorofa ya pili, juu ya fundi cherehani,
Nyuma ya soko.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo wewe, na wa kwako hawajambo? Shemeji mgongo wake umepoa, au bado anashuka ngazi kinyumenyume kama ulivyonisimulia? Na mapacha, wameshaacha kugombania kitanda cha dirishani? Natumaini barua hii itawakuta salama wote, na baridi ya huko imelegea kidogo. Mimi mwili wangu ni mzima. Naenda kazini, narudi, nalala. Mengine ndiyo haya ninayokuandikia.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu ndiyo iliyotukorofisha, siku ile ya pili baada ya mazishi, uliponiambia, "Mama aliniambia kwa mdomo wake, Kitinda, kwamba unamfungia chakula kwa kamba." Nikakata. Sikukata kwa jeuri, Dada. Nilikata kwa sababu ni kweli, na nilikuwa nimesimama sebuleni katikati ya watu walioshika vikombe vya chai, na nisingeweza kueleza jambo la miezi kumi kwa dakika mbili huku wananitazama mdomo. Sasa nimekaa, nyumba ni tupu, nakueleza.

Wewe ulipoondoka Mama alikuwa bado mpishi wa hospitali, yule yule aliyekuwa akirudi na harufu ya vitunguu kwenye nywele. Hukumwona alipostaafu. Miaka thelathini na mmoja amepikia wadi nne, halafu ghafla anapikia watu wawili. Sufuria zetu zote alizidharau. Alikuwa akiziita vikombe. Tukawa tunakula viporo siku tatu mfululizo kwa sababu mkono wake haukujua kupima kidogo.

Ilianza kwa chumvi. Akatia mara mbili, tukacheka. Akatia mara tatu, tukacheka kidogo. Baadaye nikaanza kukuta sufuria jikoni haina maji wala chochote ndani, imegeuka nyeusi ti, na Mama anaapa kwamba hajaigusa. Nilikuambia kwenye simu kwamba anasahausahau. Sikukuambia yote. Nilidhani nikinyamaza halitakua.

Halafu ikaja siku ya moshi. Nilikuwa karakana, nasaga kioo cha miwani ya mteja, fundi cherehani wa chini akanipigia simu akasema neno moja tu, "Njoo." Nilikimbia na koti la kazi. Nilikuta madirisha yote yamefunguliwa, yeye fundi cherehani amesimama jikoni na ndoo, na Mama amekaa kitandani amefunga vifungo vyote vya sweta, mkoba mapajani. Anasubiri gari la hospitali limchukue zamu. Mkono mmoja wa sweta ulikuwa umeungua mpaka kwenye kiwiko na yeye hana habari. Nilipomshika kuutazama aliniambia, "Usinicheleweshe, wagonjwa hawajanywa uji."

Siku hiyo hiyo nilifungua mtungi wa gesi nikaushusha chini kwa fundi cherehani. Jiko lenyewe nikalitoa. Mama alisimama kwenye ule mstatili mweupe uliobaki ukutani, mahali jiko lilipokuwa, akapapasa ukuta. "Jiko langu liko wapi?" Nikamwambia limeharibika, lipo kwa fundi. Akalia, Dada. Baba alipokufa hatukumwona akilia, si ndiyo? Sisi tulilia, yeye akapika. Siku hiyo alilia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Tukawa tunakula mkate na vya kununua. Mama alikuwa akisukuma sahani kwa kidole kimoja. "Hiki kimepikwa na mtu asiyenijua," alikuwa akisema. Alipungua mpaka pete ya ndoa ikawa inadondoka, nikaitia kwenye uzi akaivaa shingoni.

Fundi cherehani ndiye aliyenipa wazo la chungu cha umeme, kile kinachopika polepole. Yeye anacho, siku za kushona sare za shule anatumbukiza vitu vyake asubuhi, anashona, jioni anafunua anakula. Hakina moto wa kuonekana, alisema, hakimwagi, hakiunguzi nyumba. Mimi sikujua kukaanga hata yai, unanijua. Lakini niliposikia "hakiunguzi nyumba" nikaomba ruhusa kazini.

Nilienda na Mama dukani. Muuzaji alikuwa na tai fupi na maneno marefu. Akataka kunipa likubwa la umbo la yai, lina vitufe kama rimoti na taa inayopepesa. Nikamwambia sisi ni wawili, chungu kikubwa ukikitia kidogo kinakausha chakula, na mtu ninayemnunulia hawezi vitufe. Nilitaka kiwe na swichi moja ya kuzungusha. Kifuniko kiwe cha kioo, aone kinachoendelea ndani. Chungu chenyewe kitoke, kioshwe peke yake. Na kikimaliza saa zake kijishushe chenyewe kibaki na uvuguvugu tu, maana mimi narudi kumi na moja na siku nyingine kumi na mbili.

Muuzaji alipoweka kile cha duara mezani, Mama akakigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. "Hiki kimechomwa vizuri," akasema. Halafu akamuuliza muuzaji, "Moto wake uko wapi?"

"Uko ndani, mama yangu. Hauonekani."

"Na wewe uliuona wapi?"

Duka zima likacheka, na muuzaji naye. Mimi nilicheka mpaka nikatoa machozi, na sikujua ni machozi ya nini hasa. Tulirudi nyumbani amekibeba yeye mapajani, hakutaka nimpokee.

Dada, wiki ya kwanza nilimlisha Mama maji ya moto. Nilitia maji kama tunavyotia kwenye sufuria, sikujua kwamba chungu hicho hakitoi mvuke, maji uliyotia asubuhi ndiyo utakayoyakuta jioni na ya nyama juu yake. Vipande vilikuwa vinaogelea. Viazi niliviweka juu, nyama chini. Nyama ikaiva ikachambuka, viazi vikabaki vigumu kama sabuni. Fundi cherehani akanifundisha: vigumu chini karibu na joto, nyama juu, maji yasizidi nusu kikombe.

Kosa kubwa lilikuwa la maharage. Nilinunua yale mekundu, nikayaosha, nikayamwaga chunguni, nikaenda kazini najiona mpishi. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu asubuhi ile. Akasema, "Hayo hayajachemka." Nikamwambia yatachemka humo humo. Akasema tena, "Hayajachemka, wewe." Nikamfunika sweta mabegani, nikatoka. Siku mbili mimi na yeye tulipishana mlangoni pa choo. Kumbe maharage mekundu lazima uyaloweke, umwage maji, uyachemshe kwanza kwa moto mkali dakika kumi na zaidi, ndipo uyatie kwenye chungu cha polepole. Lile joto dogo peke yake haliui sumu yake. Mama alikuwa amesahau jina la mwaka, amesahau Baba amekufa, lakini hilo hakulisahau, na mimi nilimpuuza. Nilimuomba radhi pale pale alipojiegemeza ukutani. Aliniangalia akasema, "Mwanafunzi halipi kosa. Osha vyombo."

Tangu siku hiyo nikampa kazi yake. Kila asubuhi kabla sijaondoka tulikaa mezani. Nilimpa kisu butu na vitunguu, akawa anakata bila kuangalia, vipande sawasawa, kama mashine. Nilimnusisha nyama, akanusa. Nikimwonyesha chumvi kiganjani alikuwa anasema "punguza" au "haya." Nikimaliza kupanga vitu nilimwambia, "Zungusha, Mama," naye akazungusha swichi kwa vidole viwili, mpaka ikalia tak. Hapo uso wake ulikuwa unatulia. Nilikuwa nikienda kazini mwepesi kidogo.

Sasa nifike kwenye kamba.

Mama hakuweza kuacha kifuniko. Mpishi wa moto hufunua, huonja, hukoroga. Ndivyo mikono yake ilivyojua. Na chungu kile ukikifunua mara moja joto linatoka, unarudisha nyuma karibu nusu saa. Yeye alikuwa akikifunua mara kumi. Narudi jioni kuku mbichi. Tunalala na mkate. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu, na siku hiyo kazini nilikuwa nimegombana na bosi kwa ajili ya kuchelewa, nikachukua kamba ya kuanikia nguo nikaikatiza juu ya kifuniko, nikaipitisha kwenye masikio ya chungu, nikakaza fundo kwa meno. Nilimwambia, "Usiguse, Mama." Sikumwambia kwa upole.

Niliporudi alikuwa amekaa mezani, chungu mbele yake, na mikono ameificha chini ya meza. Nikamwambia nionyeshe. Hakutaka. Nilimshika nikaitoa. Kucha mbili zilikuwa zimekatika hadi kwenye nyama, na ncha za vidole zimechubuka. Alihangaika na fundo langu kutwa nzima, Dada. Kutwa nzima. Na kilichoniua si damu. Aliniambia kwa sauti ndogo, kama anayeshtakiwa kwa mkubwa, "Sikuiba. Nilitaka kuona kama kimeiva tu."

Nilikata kamba kwa mkasi. Nikakata vipande vipande hata visingefaa tena kufungia kitu. Nilimfunga vidole, nikamlisha, na chakula cha siku hiyo kilikuwa kimeiva vizuri kuliko siku zote, na kila kijiko nilichomtilia mdomoni kilikuwa kinanihukumu. Wewe ulipiga simu kesho yake. Nilimsikia akikuambia. Nilikuwa hapo hapo naosha vyombo, na sikuchukua simu kujitetea kwa sababu ningejitetea kwa lipi? Mama hakusema uongo.

Ilikuwa siku moja, Dada. Sisemi ili uipunguze. Nasema ili uijue jinsi ilivyokuwa. Nisamehe. Yeye nilimwomba msamaha mara nyingi sana, na kila mara alinisamehe upya kwa sababu kila mara ilikuwa ni habari mpya kwake. Msamaha wa namna hiyo haushibishi.

Baadaye nilijifunza kuweka swichi kwenye moto wa juu, nikaongeza saa, nikamwacha afunue anavyotaka. Tukawa tunakula saa mbili badala ya saa kumi na mbili. Kulikuwa na ugumu gani kungoja? Hakuna. Lakini akili hunijia nikishachelewa.

Na ujue pia tulikuwa na siku nzuri. Harufu ilikuwa inajaa ngazi mpaka chini. Mama akawa anakaa na chungu kama muuguzi anavyokaa na mgonjwa, anakigusa ubavu, anasema, "Huyu leo ana nafuu." Siku moja nilirudi nikakuta amepanga meza nzima. Sahani zote, vikombe vyote, visosa, hata vifuniko vya makopo. Amesimama na upawa, aproni kifuani, anapaza sauti: "Wadi ya wanawake, tayari!"

Nilisimama mlangoni sijui nifanye nini. Fundi cherehani alikuwa amenifuata nyuma na sindano bado mdomoni. Akaitoa, akapita mbele yangu, akachukua sahani, akasema, "Mimi ni kitanda cha tatu, mpishi." Mama akamtilia. Yule karani mstaafu wa mlango wa mbele naye akaitwa, akaja na fimbo yake na suruali ya kulalia, akapanga foleni. Aliponyoosha sahani mara ya pili Mama akaitazama, akamtazama yeye. "Wewe ni wa sukari. Huongezwi." Na ni kweli ana kisukari, na sijui Mama alijuaje! Karani akarudi kitini kwa adabu kabisa. Baada ya hapo walikuja kila Jumamosi. Kile chungu kidogo kiligawiwa watu wanne na wote wakasema wameshiba.

Mwezi wa tano alianza kukataa kutafuna. Nikawa naacha vyakula viive saa nyingi zaidi, naviponda kwa uma, ninampa kidogokidogo. Vijiko vitano. Vijiko vitatu. Daktari alikuja akasema maneno ya daktari, akanishika bega, na bega ndilo nililolielewa.

Ile Alhamisi alikata vitunguu kama kawaida. Polepole, lakini alikata. Nilipanga karoti na viazi chini, mapaja ya kuku juu, nyanya mbili. Nilimwonyesha chumvi, akasema, "Haya." Alizungusha swichi. Nikambusu kipara chake kile cha katikati, nikaenda. Fundi cherehani alipanda saa sita akamkuta anasinzia kwenye kiti, kichwa kimeelekea chungu, akamfunika miguu. Alipanda tena saa kumi. Akanipigia.

Nilimkuta vile vile kitini. Mkono mmoja ulikuwa mezani, umekaribia chungu lakini haujakigusa. Kifuniko hakikuwa kimefunuliwa hata mara moja siku hiyo. Kioo kilikuwa kimejaa jasho kote. Saa zake zilikuwa zimeisha na chungu kimejishusha chenyewe, kina uvuguvugu. Na Mama naye alikuwa bado ana uvuguvugu, Dada. Nilimshika yeye kwa mkono huu na chungu kwa mkono huu, sikuweza kuachia hata kimoja, mpaka karani alipokuja akanibandua.

Watu walijaa. Shangazi alifika, binamu wakafika, wapishi watatu wa hospitali wakaja na aproni zao kwa kuwa walitokea zamu moja kwa moja. Hakuna aliyekuwa amekula. Fundi cherehani akauliza kwa macho, nikaitikia. Akafunua, akagawa kwenye sahani ndogo ndogo, kijiko kwa kila mtu. Walikula wamesimama. Yule mpishi mkuu wa sasa, mwanamke mzima aliyefundishwa na Mama tangu akiwa msichana, alitafuna, akafumba macho, akasema, "Chumvi yake hii," ndipo alipoangua kilio na nyumba nzima ikafuata.

Mimi sikula. Nilisema nitakula baadaye. Nilipokwenda jikoni chungu kilikuwa kimeshaoshwa, kimefutwa, kimegeuzwa kwenye taulo. Mtu mwema alifanya hivyo, sijui nani, na simlaumu. Lakini chakula cha mwisho alichokitolea Mama ruhusa sikukionja, na hakuna atakayekipika tena.

Najua karatasi zako za kusafiria hazikutoka kwa wakati. Najua pia kwamba hasira yako ni kwa sababu ulikuwa mbali, maana na mimi niliyekuwa karibu ninayo, na sina wa kumtupia. Kuna jambo sikukuambia. Kila ulipomaliza kuongea naye kwenye simu, Mama alikuwa ananirudishia na kuuliza, "Ni nani yule? Ana sauti nzuri." Nilikuwa namwambia ni binti yako. Alikuwa anaona haya kama msichana, anasema, "Wangu mimi? Basi nilifanya vizuri." Nilikuficha kwa sababu niliogopa utaumia kwamba hakukutambua. Sasa naona nilikunyima. Chukua, ni lako.

Kabati la nguo zake sijalifungua, nakungoja wewe. Njoo karatasi zikitoka, hata ikiwa mwakani. Chumba chako kina godoro na pazia jipya.

Jana, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nilipika. Nilikuwa nimeona kuku sokoni mikono ikanunua yenyewe. Nilikata vitunguu vibaya, nikapanga vigumu chini, nikakaa mezani mchana kutwa bila kufunua. Jioni nilipakua. Kilikuwa kizuri, Dada, sikudanganyi, kilikuwa kizuri sana. Nikala sahani nzima, nikaongeza, nikashiba mpaka nikalegeza mkanda. Halafu nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshiba na yeye hayupo.

Nisalimie Shemeji, mwambie azidi kukanda mgongo na asibebe makasha. Nibusie mapacha, kila mmoja kwenye paji lake wasije wakagombania na hilo. Shangazi anakusalimia, amepona kikohozi. Binamu wote wanakusalimia. Karani anasema umwandikie na yeye, hapati barua siku hizi. Fundi cherehani hukumwahi, lakini naye anakusalimia kama anayekujua. Ukija mkumbatie kabla yangu.

Mungu akufunike huko uliko, akupe usingizi, na akuletee watu wa kukupakulia unapochoka.

Wako akupendaye hata tukikatiana simu,

Mdogo wako,
Kitinda.